Sahihi ya Mtani

Msimamizi wa tasnifu yangu nilimchukia, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo. Watu wakisimulia masomo yao ya juu hupenda kuwashukuru walimu: bila wao nisingefika, Mungu awazidishie. Mimi nilifika licha ya kuwapo kwake. Mungu amzidishie anachostahili, maana vipimo anavijua Yeye.

Mambo yalianzia kazini. Nilikuwa afisa rasilimali watu katika hoteli moja ya ufukweni, nje kidogo ya mji wetu wa Bagamoyo, mali ya wageni wenye hoteli nyingine katika nchi mbalimbali. Mkuu wa idara yangu alikuwa mgeni, na kibali chake cha kazi kilikuwa ukingoni. Serikali ilitaka kiti kile akikalie Mtanzania, na Mtanzania aliyetajwa kwamba ndiye anayeandaliwa nilikuwa mimi. Sharti lilikuwa moja tu: niwe na shahada ya uzamili kabla mgeni hajafunga mizigo. Nisipokuwa nayo, hoteli ingesema imemtafuta mwenyeji imemkosa, na mgeni mwingine angeshushwa uwanja wa ndege aje kuniongoza katika kazi ambayo mimi ndiye niliyemfundisha aliyemtangulia.

Basi nikajiandikisha chuo Dar es Salaam, usimamizi wa rasilimali watu kimataifa. Masomo ya darasani niliyamaliza bila taabu. Ikabaki tasnifu. Mada sikuitafuta mbali, ilinikuta jikoni.

Hotelini tulikuwa na mpishi, mwanamke wa Kizaramo kama mimi, na mtunza bustani, Mnyamwezi aliyefuata vibarua vya mashamba huko Makurunge kisha akaishia kwetu. Kila asubuhi wawili hawa walianza kwa kutukanana. "Mpagazi wewe, mzigo umeutua wapi?" "Ah, Mzaramo umeamka? Nilidhani ngoma ya jana imekuua." Bwana yule alikuwa akipita jikoni anachota samaki kwenye sahani ya mpishi bila kuomba, na mpishi akimvua kofia akaenda nayo kwake. Hakuna aliyenuna. Ni watani. Mababu wa mmoja waliingia Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, mababu wa mwingine wakawapokea kwa kuwacheka, na mpaka leo hatujachoka.

Siku moja yule mkuu wetu mgeni akawakuta. Mpishi alikuwa amefiwa na shangazi yake wiki ile ile, na mtunza bustani alikuwa anamwambia kwamba Wazaramo wameshamla shangazi, sasa wanatafuta limau la kukatia shombo. Mpishi anacheka hadi anashika meza. Mgeni akauliza kunasemwa nini, na mhudumu mmoja kimbelembele akamtafsiria neno kwa neno. Loh! Ukafunguliwa mwongozo wa maadili, ule ulioandikwa ng'ambo kwa ajili ya hoteli zao zote, na humo ikaonekana kwamba huo ni unyanyasaji wa kikabila. Mtunza bustani akapewa onyo la maandishi. Mpishi akapelekwa kwa mtu wa ushauri nasaha akaulizwe anajisikiaje.

Alirudi amevimba. "Yaani nimefiwa, mtani wangu kaja kunizikia, halafu wao wanamwandikia onyo? Hawa wamerogwa na nani?"

Hapo nikaipata tasnifu. Niliandika kwamba kampuni za kigeni huja na kanuni zilizopikwa kwingine, zikazipakua kwetu bila kuonja chumvi. Niliandika kwamba utani kazini si tusi, kwa sababu una mipaka na una wajibu: mtani ana ruhusa ya kukutukana kwa kuwa ndiye atakayechimba kaburi lako. Sentensi hiyo niliipenda sana. Ilikuja kunitokea puani.

Msimamizi niliyepewa alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa makamo, amesomea Ulaya, shati lake limenyooshwa kama la bwana harusi. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Dokta." Hakuitikia. Aliuliza mimi kabila gani. Nikamwambia Mzaramo wa Bagamoyo. Akawageukia vijana waliokuwa wakisubiri zamu zao mlangoni.

"Mzaramo anataka shahada ya uzamili! Sasa ngoma kamwachia nani?"

Vijana wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa moyo, maana nilidhani nimepata mtani, kazi itakuwa nyepesi. Mtani akirusha nawe unarusha. Nikamwambia, "Nami nikuulize wewe, Dokta. Pembe za tajiri umemkabidhi nani, au bado unazo mabegani?"

Akakunja uso. "Hapa ni ofisini," alisema. "Shika adabu."

Nikashika adabu. Yeye hakuishika. Kuanzia siku ile nikajua kwamba kwake utani ni barabara ya kwenda tu, hairudi gari. Sura ya kwanza ilirudi ina mistari myekundu ukurasa kwa ukurasa, na pembeni hakueleza kosa lolote, ameandika: "Uvivu wa pwani." Sura ya pili ilirudi na: "Uliandika hii umelala?" Kwenye sura ya tatu alizungushia duara maneno ya mpishi niliyemhoji, akauliza, "Huyu ni nani? Amechapisha wapi?" Nilimweleza kwamba yule ni mhojiwa, si mwandishi. Akasema mpishi apike, nadharia tuwaachie wenye nadharia. Nikaleta wenye nadharia, wale wa vitabu vizito, wanaofundisha namna ya kumwandaa meneja kabla ya kumpeleka nchi ya watu. Akasema sasa mbona sauti yangu haisikiki. Khaa!

Kutoka Bagamoyo kwenda kumwona ilibidi niombe ruhusa kazini, na kila ruhusa mgeni wangu aliitoa kwa kuvuta midomo. Nikifika chuoni, Dokta yuko kikaoni. Dokta ametoka. Dokta anasema njoo wiki ijayo. Siku nikibahatika kumkuta, hakosi watu ofisini, na bila watu hakuwa na neno. Akipata watazamaji ndipo anapochangamka. "Mnamwona huyu? Huyu kwao wanaoga, wanajifukiza udi, wanarudi kulala. Mimi ndiye ninayemfundisha kukaa macho." Nilikuwa nikimeza mate machungu, nikichukua karatasi zangu, nikiondoka. Njiani nilimtukana kwa sauti, peke yangu, matusi ambayo mama yangu angenifuta kinywa kwa pilipili.

Mama yangu akafa nikiwa kwenye sura ya nne.

Sitalieleza hilo kwa kirefu. Alikuwa mwanamke mgomvi, mpenda watu, na nyumba yetu ya mji mkongwe ilijaa mpaka barazani. Mtunza bustani alikuja. Hakuna aliyemwita. Alifika mbio akiangua kilio cha uongo kikubwa kuliko chetu cha kweli, akachukua kanga ya marehemu akajifunga kichwani, akapita katikati ya wanawake huku amejishika kiuno, anagombana na muuza samaki asiyekuwepo. "Huyu ni nguru gani huyu, ana macho kama amefiwa yeye!" Ndivyo alivyokuwa mama, sauti ile ile. Nilicheka. Nilikuwa sijala, sijalala, sijaweza hata kulia, nikacheka, kisha machozi yakatoka yote. Jeneza lilipotaka kutolewa akajilaza mlangoni, akagoma kuondoka mpaka apewe chake, wajomba wakamrushia sarafu huku wanamtukana. Kisha akaondoka na wanaume kwenda makaburini, akaingia kaburini kupokea, akarudi na udongo mpaka kwenye nyusi. Jioni yake nilimwona uani anateka maji.

Siku ile ile simu yangu ilipata ujumbe wa msimamizi. Ulisema: "Sura ya nne iko wapi? Au Mzaramo amelala tena?"

Nikamjibu kwamba nimefiwa na mama. Akaandika "Pole," na chini yake, "Niletee basi Jumatatu."

Wallahi, ingekuwa uso kwa uso ningemrukia. Niliizima simu, nikakaa kwenye mkeka, na chuki ambayo kwanza ilikuwa ya kumsema njiani ikawa chuki ya kukaa nayo. Nilikula nayo, niliswali nayo, Mungu anisamehe, na ndiyo iliyonimalizia sura ya nne na ya tano. Niliandika kwa hasira na niliandika vizuri.

Nilipomaliza nikamshitaki. Nilikwenda kwa mratibu wa masomo ya uzamili, mama mmoja mtaratibu, nikampa maneno yote ya pembeni niliyoandikiwa, na ujumbe ule wa msibani. Akatuita pamoja. Dokta aliingia anatabasamu, ameshika rasimu yangu kama mtu aliyeshika karata nzuri.

"Mama mratibu," alisema, "mimi Mnyamwezi, huyu Mzaramo. Sisi ni watani. Nilikuwa namtania tu. Na yeye mwenyewe anajua, hebu tumsikilize." Akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti sentensi zangu: kwamba utani kazini si tusi; kwamba anayeuadhibu hajawaelewa wenyeji; kwamba meneja mgeni anapaswa kufundishwa kuutambua kabla hajashika kalamu ya nidhamu. Akafunga. "Sasa mwanafunzi wangu anataka niadhibiwe na mwongozo ule ule anaoukosoa. Nimfaulishe kwa lipi, kwa tasnifu au kwa mashitaka?"

Mratibu akacheka. Hakukusudia kunicheka, lakini alicheka. Nilitaka kusema kwamba kuna wajibu, someni na wajibu, upo mstari wa chini yake, lakini nikajua nikifungua mdomo nitalia mbele yake. Bora nife. Mratibu akasema tuyamalize kindugu. Akaongeza kwamba kazi yenyewe ameisoma, haoni tatizo, na kwamba imebaki sahihi ya msimamizi kwenye ukurasa wa uthibitisho ili iwasilishwe kwa watahini. Dokta akasema hakuna shida, atasaini.

Hakusaini. Alisema bado anasoma. Akasema kalamu imekwisha wino, mbele ya watu, wakacheka. Akasema, "Mzaramo ana haraka ya kwenda wapi, kuchezwa unyago?" Mgeni wangu wa hotelini akaanza kugawa vyombo vyake vya nyumbani. Siku moja aliniita akaniambia kwa upole kabisa kwamba makao makuu yameshampata mtu, ikiwa shahada yangu itachelewa. Mtu huyo alikuwa hajawahi kufika Afrika. Na dirisha la kuwasilisha tasnifu lilikuwa linafungwa wiki hiyo hiyo.

Ndipo likaja tangazo kwenye kundi letu la wanafunzi katika simu. Msimamizi wetu amefiwa na mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye nyumbani kwake Mapinga. Mazishi ni huko huko, kesho. Wanafunzi wakaanza kumiminia pole, mikono ya kuomba, maua. Mimi niliusoma ujumbe ule nimesimama jikoni hotelini, na mpishi akaniona.

"Vipi, umepata nini?"

"Mtani wangu kafiwa," nilisema.

Aliniangalia. Habari zangu zote na Dokta alikuwa anazijua. Akavua aproni.

Kesho yake tulikwenda wote wawili. Nilivaa kanga kuukuu, na kwenye mkoba nilitia ukurasa wa uthibitisho na kalamu mpya, maana hadithi ya wino nilikuwa nimeichoka. Mapinga kila mtu amejenga anavyojua, lakini nyumba yake haikutupotea, turubai lilionekana tangu barabarani. Chini ya turubai walikaa walimu wa chuo wamevaa suti nyeusi na wanafunzi waliojipanga kwa heshima. Ubavuni, kwenye mikeka, walikaa ndugu zake waliotoka Tabora. Tulipokaribia tukaanza. Mpishi ndiye mwenye sauti. "Yuko wapi mpagazi aliyekataa kubeba? Kafa kabla hajatufikishia mzigo wetu! Nani ataubeba sasa?"

Suti nyeusi zikageuka kwa mshangao. Lakini mzee mmoja kwenye mkeka, mjomba wa Dokta, akasimama na mikono juu. "Watani wamefika! Nilikuwa nashangaa, tutazikaje huku pwani bila Wazaramo?" Wanawake wa Tabora wakapiga vigelegele katikati ya kilio. Mmoja wao, mdogo wa marehemu, alinitupia usoni kanga ya dada yake. Nikaivaa.

Jeneza lilikuwa ndani. Nilisikia kasisi anamaliza sala, nikasikia viatu vya wabebaji. Nikajilaza kwenye kizingiti, chali, mikono nimepanua, na baridi ya marumaru yake ikaniingia mgongoni. Wabebaji wakasimama. Nyuma yao alikuwa Dokta, macho mekundu, shati lake kwa mara ya kwanza limekunjamana. Akanitambua.

"Toka," alisema kwa sauti ya chini.

"Sitoki. Mtani hatoki bure."

Mjomba akanitupia sarafu. Nikazirudisha. Akatoa noti, nikaikunja nikamtupia mpishi, nikasema hiyo ni ya kwake, ya kwangu bado. Watu wakaanza kucheka. "Anataka nini huyu? Anataka ng'ombe?" Nikatoa ukurasa kwenye mkoba, nikaunyanyua juu hapo hapo nilipolala. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa turubai kwamba mtani wangu ana sahihi yangu ameikalia, na mama yake hapiti hapa mpaka aitoe.

Hakuwa anacheza, na mimi pia sikuwa nacheza. Nilimwangalia kwa chini, nikiwa na kanga ya mama yake, na nilitaka aaibike mbele ya kila mtu kama nilivyoaibika mimi. Nilitaka akasirike. Angekasirika, ndugu zake wenyewe wangemhukumu, maana mtani hakasirikiwi msibani. Mratibu alikuwa amesimama pale kwenye suti yake, mkono mdomoni.

"Hii ni nidhamu gani?" Dokta alianza. "Mama yangu yuko—"

"We kijana!" mjomba wake alimkatiza. "Unamkunjia uso mtani? Umesahau kwenu? Mpe chake, mama yako apite."

Nikampa kalamu. Ukurasa aliuweka juu ya mgongo wa mjomba, aliyeinama akilalamika kwamba sasa anafanywa meza, na akasaini. Nikakagua sahihi. Nikaamka, nikajikung'uta, nikampisha mama yake.

Ningeweza kuondoka hapo, nilikuwa na nilichokifuata. Lakini mdogo wa marehemu alinikamata mkono. "Unakwenda wapi, Mzaramo? Umeshakula chako, sasa fanya kazi." Hilo nalo ni haki yao. Mpishi akaenda kwenye masufuria ya ubwabwa, mimi nikachota maji, nikaosha vyombo vya waombolezaji, nikawapikia chai walimu walionicheka. Nilimuuliza yule mama dada yake alikuwa anatembeaje, akanionyesha, nikatembea hivyo mbele ya wanawake, nachechemea na kuuliza nani kaichukua miwani yangu, na wanawake wale wakacheka wakalia, wakalia wakacheka. Sikuwa nimemsamehe mtoto wake. Kazi ile ilikuwa ya mama yule.

Tasnifu niliiwasilisha kesho yake. Kiti cha mgeni nakikalia mpaka leo, na mtunza bustani nililifuta onyo lake.

Lakini siku ile ya msiba, waliporudi kutoka makaburini, Dokta alikuja uani. Nilikuwa nimechuchumaa na sufuria kubwa, naisugua kwa majivu, kanga ya mama yake imelowa. Alisimama karibu yangu, hakukuwa na watu wa kumchekea wala wa kumsikiliza, na kwa mara ya kwanza akawa na neno.

"Sikuja kumzika mama yako," alisema.

"Hukuja."

Alingoja. Nilijua anangoja nimwambie haidhuru, yamekwisha, ndivyo watu wanavyosema. Sikusema. Nikaigeuza sufuria, nikasugua upande wa pili.